Kipande changu cha mboga Lubumbashi: picha na maendeleo, na ile kona isiyoota kitu

MamaKatuba | 27 Aprili 2024

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, nakaa Katuba, kazi yangu ni ualimu wa shule ya msingi. Mwezi wa pili nilipewa kipande cha kulima mboga, mita 20 kwa 15, ng'ambo ya reli. Tuko wakulima 12 pale, kila mmoja na kipande chake, kisima ni kimoja cha wote. Mwenye ardhi hatutozi kitu, anachotaka ni pasigeuke pori. Muda mrefu nimesoma humu bustani za watu wa Morogoro na Arusha kimya kimya, leo nimeona na mimi nifungue uzi, niwe naweka picha kila nikipata bando.

Kwa wasiojua huku kwetu: mvua huanza mwezi wa 11, hukata mwezi wa 3 au wa 4, halafu tunakaa karibu nusu mwaka bila tone. Kwa hiyo mboga nyingi za soko la Kenya (Kenya ni komini ya hapa mjini, si ile nchi) hulimwa kiangazi kwa maji ya kuchota. Kwingine watu wakitundika jembe, sisi ndio tunalinoa.

Picha ya 1: matuta manne ya katikati, karibu na kisima. Lengalenga siku ya 12, nimezipunguza zimebaki nafasi ya vidole vitatu.

Picha ya 2: shu ya Kichina (kabichi ya Kichina) kitaluni, chini ya kivuli cha nyasi. Wiki ijayo napandikiza.

Picha ya 3: kona ya juu, na hapa naomba msaada. Nimepanda mara mbili na mara mbili nimepoteza. Lengalenga zinaota vizuri, zinafika urefu wa kidole, kisha jani linageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, halafu mmea unasimama hapo hapo. Maji napeleka kama kwingine. Kinachostawi chenyewe ni haya maua madogo ya zambarau mnayoyaona, yamejaa kama yaliyopandwa na mtu. Ni mazuri kweli. Binti yangu alichuma akaweka mezani.

mkulima_Moro | 27 Aprili 2024

Hongera dada, matuta yamenyooka. Lengalenga ndiyo mboga gani hiyo? Kwenye picha naona kama mchicha. Hiyo kona ina njaa tu, njano ni naitrojeni. Tupia urea kiganja kimoja kwa tuta, mwagilia, baada ya wiki utanipa majibu.

MamaKatuba | 27 Aprili 2024

Aksanti kaka. Ndiyo, lengalenga ni mchicha wenu. Urea nitatafuta Jumamosi.

Babu wa Likasi | 28 Aprili 2024

Mama, usinunue urea kwanza. Ile picha ya tatu nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakauma, nikamwita mjukuu naye akaangalia. Naomba ufanye jambo moja: nenda ukashike shina la ua hilo katikati ya vidole. Je, ni la mviringo au lina pembe nne? Na majani yake ukiyafikicha yana harufu?

MamaKatuba | 28 Aprili 2024

Nimetoka huko sasa hivi, shikamoo babu. Shina lina pembe nne, linasikika kabisa kwenye vidole. Harufu ipo, si kali. Kwa nini?

Babu wa Likasi | 28 Aprili 2024

Marahaba mama yangu. Mimi ujanani, miaka ya 70, nilibeba sampuli za wanajiolojia milimani, kutoka huku Likasi hadi kule Kolwezi. Wao walitangulia na nyundo, sisi nyuma na mifuko. Ua hilo walitufundisha kulitafuta kama mwindaji anavyotafuta alama ya kwato. Walisema ni ua la shaba. Jina lake la kitabu ni Haumaniastrum katangense, ni ndugu wa mnaanaa, ndiyo maana nikakuuliza pembe nne. Linapenda udongo wenye shaba nyingi kiasi ambacho majani mengine yanakufa. Pale ambapo hakuna mwingine anayeweza kukaa, lenyewe linakaa kwa nafasi.

Hata wachimbuzi wa mambo ya kale walilifuata ua hili. Wahenga wa Katanga waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Wazungu, wakafua misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Pale walipoweka matanuru, udongo ulibaki na shaba, na ua likaota juu yake. Kwa hiyo ukikuta zulia la zambarau mahali tambarare pasipo mlima wa madini, chini huenda kuna tanuru la kale.

Lakini sidhani kwako kuna tanuru. Niambie, kipande chako kiko upande gani wa bomba refu la moshi la mjini?

MamaKatuba | 28 Aprili 2024

Kaskazini-magharibi, babu. Ukisimama kwenye kisima unaliona.

Nimeandika hilo jibu halafu nimekaa dakika nyingi bila kuandika kingine. Yale maua bado yako mezani kwangu.

Kijana wa Kasapa | 29 Aprili 2024

Mama, babu amesema kweli tupu. Nasoma agronomia hapa Kasapa, kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi, na habari hii ni moja ya mambo ya kwanza tunayofundishwa kuhusu udongo wa mji wetu. Kazi ya kuyeyusha shaba Lubumbashi ilianza 1911. Upepo wetu, hasa kiangazi, hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa bomba lile miaka yote ulilala upande wa kaskazini-magharibi. Ndani yake mlikuwa na shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi na aseniki. Vitu hivi vikitua haviozi wala havioshwi na mvua moja mbili, vinashikana na udongo wa juu, sentimita 20 au 30 zile zile tunazolima. Ukienda Pengapenga, upande huo huo wa moshi, utaona ardhi iliyobaki wazi kabisa, na maua hayo hayo.

Kuhusu urea, kaka wa Morogoro samahani, kwa udongo wenu shauri lako lingefaa. Huku urea inaongeza tindikali kwenye udongo, na tindikali ndiyo inayofungua metali ziingie kwenye mizizi. Na ile njano yenye mishipa ya kijani si njaa ya naitrojeni. Shaba ikizidi inauzuia mmea kupata chuma, jani jipya linakosa rangi.

Fanya jaribio la maharage. Chukua makopo matatu, udongo wa kona, udongo wa matuta ya katikati, na udongo kutoka mbali na mji. Panda mbegu tano tano, mwagilia sawa. Baada ya wiki mbili usiangalie majani, ng'oa uangalie mizizi.

mkulima_Moro | 29 Aprili 2024

Nimejifunza, na nafuta shauri langu. Dada usiweke urea.

MamaKatuba | 16 Mei 2024

Nimerudi na majibu ya makopo. Yalikuwa ya maziwa ya unga, nilitoboa chini kwa msumari, nikaandika kwa makaa: KONA, KATI, MBALI. Udongo wa MBALI aliniletea shemeji kutoka barabara ya Kasenga. Nimeng'oa leo, siku ya 16, nikaosha mizizi kwenye beseni jeupe, watoto wangu wawili wamesimama pembeni.

Picha ya 4: MBALI. Mizizi mirefu, myeupe, imezunguka kopo mara mbili, ina vinywele vingi kiasi kwamba udongo haukutaka kuachia.

Picha ya 5: KONA. Mzizi mkuu umefika kama sentimita 3 ukasimama. Ncha imevimba na kuwa kahawia, na vijizizi vya pembeni ni vifupi vifupi, vimejipanga kama meno ya kitana. Haukushika udongo hata kidogo. Ukiuinua kopo linabaki na udongo wake wote.

Picha ya 6: KATI. Hii ndiyo iliyoniumiza. Juu mmea ulikuwa mzuri, majani mapana, sikuweza kuutofautisha na ule wa MBALI. Chini mizizi ni nusu ya ule mwingine.

Matuta ya kati ndiyo tuliyokula wiki iliyopita. Lengalenga zile za picha ya 1 nilizipika na karanga, tukala na bukari (ugali), sote tukasifu.

Kijana wa Kasapa | 16 Mei 2024

Pole sana mama. Sitaki kukutisha wala kukuficha. Shaba yenyewe mmea huizuia kwa kiasi, nayo huua mmea kabla mmea haujamdhuru mtu. Kadimi ndiyo ya kuogopa, maana inapanda mpaka kwenye jani na jani linabaki zuri. Mboga za majani zinaivuta zaidi, na lengalenga ni mojawapo. Matunda kama nyanya na bilingani huchukua kidogo. Maharage makavu na mahindi pia. Mlo mmoja hauna neno. Tatizo ni kula kila siku kwa miaka.

Nyota ya Bukavu | 17 Mei 2024

Poleni majirani. Mimi niko Bukavu, kwetu tatizo la udongo ni kuteremka na mvua. Swali: kuosha mboga kunasaidia?

Kijana wa Kasapa | 17 Mei 2024

Kunasaidia sana kwa vumbi lililokaa juu ya jani, hasa huku barabara za udongo. Osha maji matatu, jani moja moja, si kuchovya fungu zima. Kilichopanda kupitia mzizi hakiondoki kwa kuosha wala kupika.

MamaKatuba | 26 Mei 2024

Leo nimewaambia wenzangu. Niliona siwezi kuendelea kuchota nao maji kisima kimoja nikiwa najua jambo ambalo wao hawalijui. Nilibeba mizizi ya maharage imekaushwa kwenye daftari, tukakaa chini ya mwembe baada ya misa.

Wengine walisikiliza. Wengine walikasirika. Papa mmoja (ndivyo tunavyomwita baba huku) alisema nataka kuwaharibia soko, kwamba wateja wakisikia hawatanunua tena fungu hata la franka 500. Sikumlaumu, ada za shule za watoto wake zinatoka pale.

Halafu kuna mama mkubwa mmoja, ndiye wa kwanza kulima pale, tangu 1992. Alishika ule mzizi wa KONA akaugeuza geuza, akaniuliza kwa sauti ya chini: «Nimelea watoto sita kwa kipande hiki. Unaniambia niliwalisha nini?»

Sikuwa na jibu. Nimeandika hapa kwa sababu bado sina.

Babu wa Likasi | 26 Mei 2024

Mwambie aliwalisha. Sisi tuliokuwepo tunajua. Mwaka 1991 miji iliporwa, baadaye mishahara ikakauka, mtu alikuwa na kazi lakini mwisho wa mwezi harudi na kitu. Kila udongo uliokuwa wazi tuliupanda, kando ya reli, nyuma ya kambi, ukingo wa mto. Asingepanda, watoto wale sita wasingefika leo. Mwambie hivyo kwanza, kabla hujamwambia habari ya udongo. Kisha umwulize kama yuko tayari kubadilisha udongo, maana mtu wa namna hiyo akikubali wengine wote watafuata.

Na udongo wa kubadilisha upo, tunapita kando yake kila siku: vichuguu.

mkulima_Moro | 27 Mei 2024

Kichuguu cha mchwa? Si wataleta mchwa shambani?

Babu wa Likasi | 27 Mei 2024

Mwanangu, vichuguu vya Katanga si vile vya kufika kiunoni. Ni vilima. Kuna vya mita 5 na zaidi kwenda juu, miti imeota juu yake. Chagua kile ambacho mchwa wameshahama.

Kijana wa Kasapa | 27 Mei 2024

Naongezea. Mchwa wanaovijenga ni Macrotermes falciger. Wanapandisha mfinyanzi na madini kutoka chini, kwa hiyo udongo wa kichuguu una kalsiamu nyingi na tindikali kidogo kuliko ardhi inayouzunguka. Hiyo ndiyo sifa tunayoihitaji. Vimepimwa umri vichuguu vya huku Katanga, na kimojawapo kilikutwa na zaidi ya miaka 2,000.

Masharti mawili. Kichuguu kiwe mbali na njia ya moshi, maana cha karibu nacho kimenyeshewa vumbi lile lile. Na udongo wake ni mzito, peke yake ukikauka unakuwa tofali (wafyatua matofali wanaujua). Changanya na mbolea ya kuku iliyooza na majani makavu. Chini, juu ya udongo wa zamani, mwaga chokaa. Ile ya Kakontwe, inayochimbwa karibu na Likasi, inatosha.

Nyota ya Bukavu | 28 Mei 2024

Kwa majani ya kuchanganya tumieni tithonia, lile ua la njano la kando ya barabara. Huku Kivu tunalikata kabla halijachanua, tunalaza siku kumi, linaoza haraka.

MamaKatuba | 23 Juni 2024

Samahani kwa kimya, ilikuwa mitihani. Mama mkubwa nilimpelekea maneno ya babu kama yalivyoandikwa, nikamsomea kwenye simu. Alinyamaza, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema: «Huyo mzee anaujua mwaka ule.» Kesho yake alikuwa wa kwanza kuchangia kamioni (lori).

Tumefanya salongo, kazi ya pamoja, Jumamosi mbili. Watu 9 kati ya 12. Tulipata kichuguu kilichohamwa barabara ya Kasenga, kama kilomita 30, wafyatua matofali walishakikata nusu, mwenye shamba akatuachia sehemu iliyobaki.

Picha ya 7: nusu ya kichuguu iliyokatwa, mwanangu amesimama mbele yake ili mwone ukubwa. Mwekundu juu, ukishuka unakuwa wa kijivu. Karibu na kitovu nilikuta vipande vyeupe vigumu kama punje za mahindi, nikadhani ni mifupa. Kijana wa Kasapa, ambaye alikuja kutusaidia (sasa namjua uso, ana adabu sana), alidondoshea ndimu kimoja kikatoa povu. Ni chokaa. Mchwa wametengeneza chokaa yao wenyewe, na sisi tulikuwa tumekuja na mfuko wa kununua.

Nilipopiga jembe la kwanza nilisita. Kitu kilichojengwa chembe kwa chembe miaka yote hiyo, nami nakibomoa nipate shu. Mama mkubwa aliona, akasema tu «chukua kidogo kidogo», na ndivyo tulivyofanya. Sehemu yenye miti hatukuigusa.

Picha ya 8: matuta mapya, urefu wa jembe moja kutoka ardhini, kando tumezuia kwa matofali mabovu.

MamaKatuba | 14 Julai 2024

Baridi. Asubuhi mikono inakufa ganzi kwenye kamba ya kisima. Nyanya zimesimama, hazikui wala hazifi. Shu ndiyo inapenda hali hii.

Nachota madumu kumi asubuhi na kumi jioni. Udongo wa kichuguu unashika maji kuliko ule wa zamani, kwa hiyo jioni nyingine naruka.

Mbegu za karoti nilizonunua zimeota saba tu. Pakiti nzima. Nilipoiangalia upya nikakuta tarehe imefutwa kwa kidole. Siku hizi napima kwanza mbegu ishirini kwenye kitambaa kibichi kabla ya kupanda.

MamaKatuba | 4 Agosti 2024

Picha ya 9: geuzeni jani la shu mwone chini yake. Yale madoa yanayopitisha mwanga si matobo. Kiwavi mdogo wa kijani amekula nyama ya jani akaacha ngozi ya juu, kama kioo cha dirisha. Ukimgusa anajirusha, anabaki ananing'inia kwa uzi.

mkulima_Moro | 4 Agosti 2024

Huyo namjua, dada, hapa niko nyumbani. Sumu za dukani amezizoea nyingi. Okota kwa mkono alfajiri, mwagilia kwa kunyunyizia juu jioni, nondo zake hazipendi maji. Panda vitunguu katikati ya mistari. Na mabaki ya shu iliyovunwa usiyaache shambani hata siku moja, ndimo anamozalia.

MamaKatuba | 25 Agosti 2024

Kaka wa Morogoro, ubarikiwe. Tumeokota siku tisa mfululizo, wanafunzi wangu watatu walikuja kusaidia, kila mmoja na kopo. Hawajaisha lakini mioyo ya shu imefunga.

Picha ya 10: shu 64. Nimezipanga kwenye turubai kabla hazijaguswa. Kijana wa Kasapa amechukua sampuli za majani kutoka matuta mapya na ya zamani, anaenda kupima. Mpaka majibu yatoke nauza kidogo na nawaambia wanunuzi zimetoka wapi.

MamaKatuba | 24 Novemba 2024

Mvua ya kwanza kubwa imetuumiza. Ilinyesha usiku, saa mbili hivi, na ile kona ya juu kwa kuwa haina mmea wa kushika, ilishuka yote. Asubuhi nimekuta tope jembamba la rangi ya kutu limelala juu ya matuta yangu mapya mawili na moja la mama mkubwa. Kazi ya miezi mitano. Nilisimama na mwavuli wangu nikalia, sioni haya kusema.

Nilikuwa nimeipalilia kona hiyo mwezi wa 10 ili ionekane safi.

Babu wa Likasi | 24 Novemba 2024

Usilie sana mama. Kwangua tope lote sasa hivi kabla halijakauka, kina cha vidole viwili, hata kama unapoteza udongo wako kidogo. Lirudishe juu kwenye kona. Chimba mfereji ukatishe mteremko. Halafu ile kona usiiguse tena kwa jembe. Ile zambarau na majani mafupi uliyoyang'oa ndiyo yaliyokuwa yanashikilia.

Kijana wa Kasapa | 25 Novemba 2024

Babu anasema kile kile tunachosoma. Kuna nyasi fupi inayoitwa Microchloa altera, inaota yenyewe kwenye udongo wenye shaba hapa mjini, na watafiti wameitumia kufunika ardhi ya namna hiyo. Inashika udongo na metali zinabaki chini mahali pake. Jumamosi nitakuja na vishina.

MamaKatuba | 8 Desemba 2024

Mfereji umechimbwa, mita 15, tulikuwa watu 11. Yule papa aliyesema nawaharibia soko ndiye aliyechimba sehemu ya mawe. Vishina vya nyasi tumevipanda kwa nafasi ya kiganja, tukafunga kamba kuzunguka kona yote watoto wasiingie.

Kijana wa Kasapa | 16 Februari 2025

Majibu ya majani yametoka, na mama ameniomba niyaandike hapa wazi. Kwenye matuta mapya shaba na risasi zimeshuka sana ukilinganisha na matuta ya zamani. Hiyo ni kazi ya kichuguu na chokaa. Kadimi imeshuka pia, lakini kwenye shu na lengalenga haijashuka kiasi ambacho mimi ningempa mdogo wangu ale kila siku. Nadhani mizizi inapita tuta inafika udongo wa chini, na vumbi la kiangazi linachangia. Nyanya za matuta hayo hayo ziko vizuri.

MamaKatuba | 17 Februari 2025

Nimelala nayo usiku mmoja, leo nimeamua. Pale ng'ambo ya reli sipandi tena mboga ya majani. Shu ndiyo inayouzika haraka kuliko vyote, siku 45 una pesa mkononi, kwa hiyo najua ninachoacha. Nitaweka nyanya, bilingani, maharage na mahindi machache. Lengalenga, matembele na shu za nyumbani nahamishia kwenye lupango (uwanja wa nyumba yangu), katika magunia yaliyojaa udongo wa Kasenga na mbolea ya kuku, yasiguse ardhi. Gunia moja linabeba lengalenga za kutosha mlo mmoja kwa wiki, nikikata bila kung'oa. Nimeanza na magunia 14.

Wenzangu watano wamefuata. Watatu bado wanapima. Mmoja ameondoka kwenda kulima upande wa Kafubu. Wawili wanaendelea kama zamani, na bado tunasalimiana na kuchota pamoja.

Nyota ya Bukavu | 17 Februari 2025

Dada, toboa gunia pembeni, kisha panda mboga ndani ya matobo pia. Katikati simamisha bomba la mawe madogo kutoka chini hadi juu ili maji yafike kote. Huku milimani nafasi hatuna, tunajua magunia.

MamaKatuba | 23 Machi 2025

Picha ya 11: magunia ukutani, yametobolewa kama Nyota alivyosema. Lengalenga zinatoka ubavuni.

Picha ya 12: maharage ya mama mkubwa, maganda yameshaanza kukauka. Niling'oa shina moja mbele yake, tukaosha kwenye beseni lile lile jeupe. Mizizi mirefu. Aliihesabu kwa kidole, mmoja mmoja, halafu akaifunga kwenye karatasi akaenda nayo kwake.

Picha ya 13: kona. Nyasi imeshikana, na maua ya zambarau yamerudi, mengi kuliko mwaka jana. Binti yangu aliuliza kama anaweza kuchuma. Nimemwambia tutayaangalia kutoka kwenye kamba, na amelichora moja kwenye daftari, na shina lake la pembe nne.

Juma lijalo napandikiza nyanya 140. Babu, ile miche ya bilingani uliyoniahidi, basi la Likasi linafika saa ngapi nimtume kijana na kinga (baiskeli)?

Babu wa Likasi | 23 Machi 2025

Jumatano saa tano. Iko 30, nimeifunga kwa majani ya mgomba, kila mmoja na donge lake la udongo. Asiiache juani, na akifika aimwagie maji kabla hajanywa yeye.